Unabii na Utume katika Fikra za Kiislamu za Karne ya Ishirini: Suala la Istilahi na Mamlaka

1.0 Utangulizi

Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki anapomtaja Musa, Yunus au Yusuf, aghalabu hulitanguliza jina hilo kwa neno Nabii, lakini anapotamka neno Mtume peke yake, bila ya kutaja jina, kila msikilizaji hujua kwamba anayekusudiwa ni Muhammad (S.A.W.). Mazoea haya yamekita mizizi kiasi kwamba msemaji hana haja ya kujiuliza iwapo maneno hayo mawili ni majina ya cheo kimoja au ya vyeo viwili, na kama ni viwili, kipi kimo ndani ya kipi. Kwa wanazuoni wa Kiislamu swali hilo ni la zamani, na katika karne ya ishirini lilipata uzito ambao halikuwa nao hapo awali.

Makala haya yanaeleza jinsi tofauti baina ya unabii (nubuwwa) na utume (risala) ilivyofahamika na wanazuoni wa kale, na jinsi ilivyotumiwa upya na wanafikra wa kisasa. Hoja inayotetewa ni kwamba kwa wanazuoni wa kale tofauti hiyo ilikuwa hasa suala la uainishaji, ilhali katika fikra za kisasa imekuwa ndipo mahali panapoamuliwa ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba ya Mwenyezi Mungu baada ya wahyi kukoma. Sehemu ya mwisho inaonyesha kwamba Kiswahili, kwa jinsi kilivyoyagawa maneno yake, humlazimisha mfasiri kutoa uamuzi ambao matini ya Kiarabu huuacha wazi.

2.0 Asili ya Maneno

Neno la Kiarabu nabiyy hunasibishwa na mizizi miwili. Wapo wanaolitoa katika naba', yaani habari yenye uzito. Kwa mujibu wao nabii ni mtu aliyepewa habari na Mungu, au anayezifikisha habari hizo kwa watu. Wapo pia wanaolitoa katika nabwa, yaani mwinuko wa ardhi. Kwa mujibu wao nabii ni mtu aliyeinuliwa daraja. Kisomo cha Nafi', mmoja wa wasomaji saba mashuhuri wa Kurani, hulitamka neno hili kwa hamza mwishoni, jambo linalounga mkono asili ya kwanza. Neno rasul, kwa upande wake, linatokana na dhana ya kutuma. Hivyo basi neno la kwanza laelekeza kwenye uhusiano wa mtu na chanzo cha habari, na la pili kwenye uhusiano wake na aliyemtuma pamoja na wale anaopelekwa kwao.

Kiswahili kililikopa neno la kwanza, likawa nabii, lakini la pili kililitafsiri. Mtume ni nomino inayotokana na kitenzi -tuma kwa kiambishi tamati -e chenye maana ya kutendwa, kama vile kiumbe kutokana na -umba, mteule kutokana na -teua na mshinde kutokana na -shinda. Mtume, basi, ni yule aliyetumwa, na kwa maana hiyo ni tafsiri sahihi kabisa ya rasul.

Tofauti iko katika upeo wa matumizi. Katika Kurani neno rasul hutumika hata kwa mtumishi aliyetumwa na mfalme wa Misri kwenda kwa Yusuf gerezani (12:50), na hutumika pia kwa malaika (22:75, 35:1). Mswahili hawezi kumwita mtumishi wa mfalme mtume, atamwita mjumbe. Kadhalika neno risala katika Kiarabu hubeba kwa pamoja maana ya kazi ya kutumwa na maana ya yale yaliyotumwa. Kiswahili kimezitenga maana hizo: ya kwanza ni utume, ya pili ni ujumbe, na neno risala lenyewe limebaki na maana ya maelezo yanayosomwa mbele ya mgeni rasmi. Mgawanyo huu utarejelewa hapa chini.

3.0 Maoni ya Wanazuoni wa Kale

Kurani hutumia maneno yote mawili mara nyingi, lakini haitoi fasili ya kuyatofautisha. Hoja kubwa ya wanaosema kwamba tofauti ipo ni aya ya 52 ya Sura Al-Hajj, ambamo rasul na nabii wametajwa kwa kufuatana na kuunganishwa kwa kiunganishi. Ilionekana kwamba neno haliunganishwi na kisawe chake kwa namna hiyo bila ya sababu. Baadhi ya Mu'tazila, akiwemo Qadi Abd al-Jabbar (aliyefariki 1025), hawakuiona tofauti hiyo kuwa na maana. Kwao kila nabii ni mtume na kila mtume ni nabii.

Walio wengi waliafikiana kwamba kila mtume ni nabii lakini si kila nabii ni mtume. Waliyakhitalifu ni mambo yanayomfanya nabii awe mtume. Fasili tatu zilipata nguvu. Ya kwanza, iliyoenea sana katika vitabu vya itikadi, ni kwamba nabii hupewa wahyi bila ya kuamrishwa kuufikisha, na mtume huamrishwa kuufikisha. Ya pili, ambayo Zamakhshari (aliyefariki 1144) aliitaja katika tafsiri yake, ni kwamba mtume huja na kitabu au sharia, na nabii huwaita watu kwenye sharia ya aliyemtangulia. Ya tatu ni ya Ibn Taymiyya (aliyefariki 1328) katika Kitab al-Nubuwwat: mtume hupelekwa kwa watu waliokanusha, na nabii huwaongoza walioamini.

Kila fasili ina upungufu wake. Ya kwanza ni vigumu kulinganishwa na aya hiyo hiyo ya Sura Al-Hajj, kwa kuwa kitenzi cha kutuma kimetumika kwa nabii kama kilivyotumika kwa rasul. Ya pili hupingwa na mfano wa Ismail, ambaye Kurani inamwita rasul na nabii (19:54) ingawa alikuwa katika sharia ya baba yake Ibrahim. Na mfano wa Yusuf, anayetajwa kwa jina la rasul (40:34) ilhali yeye mwenyewe anasema kwamba anafuata mila ya wazee wake (12:38). Ibn Taymiyya aliutumia mfano wa Yusuf kuipinga fasili ya pili, lakini fasili yake nayo inategemea ufafanuzi wa maisha ya kila nabii mmoja mmoja, na habari za wengi wao hazikusimuliwa. Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abu Dharr, inayotaja manabii 124,000 na mitume wasiozidi mia tatu na kitu, huthibitisha kuwapo kwa tofauti kwa wale wanaoikubali. Lakini isnadi yake ina mjadala, na hata hivyo haisemi tofauti yenyewe ni ipi.

Mjadala huu haukuwa na madhara makubwa katika zama zake. Aliyeshika fasili ya kwanza na aliyeshika ya tatu waliswali katika safu moja, kwani wote walihusika na watu waliokwisha pita. Ilikuwa ni kuorodhesha yaliyokuwapo, si kumpa mtu idhini ya kudai yatakayokuja.

4.0 Swali la Hitimisho

Aya iliyoubadilisha uzito wa mjadala ni ya 40 ya Sura Al-Ahzab. Humo Muhammad anatajwa kuwa ni rasul wa Mwenyezi Mungu na khatam wa manabii. Aya inayataja maneno yote mawili, lakini hitimisho limeambatishwa kwa neno nabii tu. Swali linajitokeza lenyewe: je, kukoma kwa unabii ni kukoma kwa utume pia?

Jibu la wanazuoni wa Kisunni, ambalo Ibn Kathir (aliyefariki 1373) alilieleza wazi katika tafsiri yake, linajengwa juu ya uhusiano wa jumla na mahususi. Unabii ni wa jumla, utume ni mahususi. Kinachokanushwa kwa jumla hukanushwa pia kwa kila kilichomo ndani yake. Palipokosekana mti, mwembe nao haupo. Jibu hilo huongezewa nguvu na hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik, ambamo unabii na utume vyote viwili vinatajwa kuwa vimekatika.

Mantiki hiyo ni thabiti kwa sharti kwamba rasul awe daima sehemu ya nabii. Hapo ndipo upeo mpana wa neno rasul unapoleta tatizo, kwani malaika Jibril ni rasul lakini si nabii. Wanazuoni walilijua jambo hili. Bukhari amepokea kwamba Bara' bin Azib, alipokuwa akiirudia dua aliyofundishwa na Mtume, aliliweka neno rasul mahali pa neno nabii, naye Mtume akamrekebisha. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa kuhusu tukio hilo ni kwamba neno rasul peke yake laweza kumwingiza malaika, ilhali neno nabii halina utata huo. Kwa hiyo ilibidi kupambanua rasul wa kilugha na rasul wa kiistilahi. Hoja ya jumla na mahususi inamhusu huyu wa pili. Fikra za kisasa zilizopingana na msimamo huu zimepita katika upenyo uliopo baina ya maana hizo mbili.

5.0 Fikra za Kisasa

5.1 Kuugawa Unabii

Njia ya kwanza ni kuugawa unabii wenyewe. Ibn Arabi (aliyefariki 1240) alikuwa ametenga unabii wa kutoa sharia, uliokoma, na unabii wa jumla, usio na sharia, ambao athari zake huendelea kwa mawalii. Yeye hakuitumia tofauti hiyo kudai cheo cha nabii aletaye sharia. Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, Bara Hindi, aliyeanzisha jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1889, aliupa mgawanyo wa namna hii matumizi mapya. Katika kijitabu chake cha mwaka 1901 alieleza kwamba pale alipokanusha unabii na utume alikusudia kukanusha kuleta sharia mpya iliyojitegemea. Lakini kwa maana ya kupewa habari za ghaibu kwa baraka ya kumfuata Muhammad, alikubali kuitwa kwa majina hayo. Khatam hapa hufahamika kuwa ni muhuri unaothibitisha, si kikomo kinachozuia.

Baada ya kifo chake mwaka 1908 wafuasi wake wenyewe walitofautiana, na mwaka 1914 wakagawanyika. Kundi la Lahore, chini ya Muhammad Ali, lilishikilia kwamba Mirza alikuwa mujaddid na kwamba neno nabii alilitumia kwa majazi. Kundi lililobaki Qadian lilishikilia kwamba alikuwa nabii kwa hakika, ingawa bila ya sharia. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba makundi hayo yalisoma maandishi yale yale ya mtu yule yule. Kilichowatenga ni upeo wa istilahi moja.

5.2 Kuuacha Utume Wazi

Njia ya pili inakwenda kinyume na ya kwanza: unabii hufungwa kabisa, na utume huachwa wazi. Mahmoud Mohamed Taha wa Sudan, katika kitabu chake kuhusu ujumbe wa pili wa Uislamu (1967), alifundisha kwamba Kurani ina jumbe mbili. Ujumbe wa kwanza ni wa aya za Madina, uliofafanuliwa na kutekelezwa kulingana na uwezo wa jamii ya karne ya saba. Wa pili ni wa aya za Makka, zenye misingi ya uhuru na usawa, ambao ulielezwa kwa muhtasari tu na kusubiri wakati wake. Mtume wa ujumbe huu wa pili, kwa maoni ya Taha, si nabii mwenye kuteremshiwa wahyi mpya. Ni mtu aliyejaaliwa na Mungu kuifahamu Kurani na kuruhusiwa kuisemea.

Rashad Khalifa, mwanakemia mzaliwa wa Misri aliyeishi Tucson, Marekani, alikwenda mbali zaidi. Aliugeuza uhusiano wa jumla na mahususi: kwake nabii ni yule anayepewa kitabu, na rasul ni yeyote anayetumwa kuthibitisha kitabu kilichopo, kwa hiyo kila nabii ni rasul lakini si kila rasul ni nabii. Nabii sasa ndiye mwembe, na rasul ndiye mti. Kwisha kwa miembe hakumalizi miti. Kwa kuitegemea aya ya 81 ya Sura Aal Imran, inayozungumzia agano la manabii kumwamini rasul atakayekuja kuthibitisha walicho nacho, alidai kwamba yeye ndiye mtume wa agano hilo. Walio wengi katika wanazuoni wanaifahamu aya hiyo kuwa inamhusu Muhammad, na baadhi yao huifasiri kuwa inahusu manabii kuthibitishana wao kwa wao.

Taha na Khalifa hawafanani. Wa kwanza alitafuta mageuzi ya sharia. Wa pili alidai cheo. Wote wawili, hata hivyo, waliegemea juu ya ukweli kwamba aya ya Sura Al-Ahzab haikulitaja neno rasul katika hitimisho.

5.3 Kuitia Tofauti Ndani ya Kazi Moja

Njia ya tatu haimtafuti mtu mwingine baada ya Muhammad. Muhammad Shahrur, mhandisi wa Damascus (1938-2019), katika kitabu chake cha mwaka 1990 aliipeleka tofauti hiyo ndani ya msahafu wenyewe. Unabii wa Muhammad ni zile aya zinazotoa habari za maumbile na historia. Mizani yake ni kweli na uongo. Utume wake ni zile aya za halali na haramu, ibada na maadili; mizani yake ni kutii na kuasi. Shahrur alitilia nguvu kwamba Kurani huamrisha kumtii rasul, haiamrishi kumtii kwa jina la nabii, na kwamba aya ya kwanza ya Sura At-Tahrim, yenye kumlaumu, inamwita kwa jina la nabii. Kutokana na hayo alihitimisha kwamba maamuzi ya Muhammad akiwa kiongozi wa Madina hayafungi watu wa kila zama.

Hapa tofauti ya maneno imekuwa chombo cha usuli wa fikihi: inaamua kiasi gani cha Sunna ni sheria ya kudumu. Wapinzani wake walimjibu kwamba Kurani humwita Muhammad kwa majina yote mawili mahali pamoja (7:157), na kwamba kubadilika kwa mwito hakuthibitishi kubadilika kwa hukumu.

5.4 Kuufunga Mlango

Wapo waliotumia fikra za kisasa kuuthibitisha msimamo wa kale. Muhammad Iqbal, katika mihadhara yake kuhusu kuijenga upya fikra ya Kiislamu, aliliona hitimisho la unabii kuwa ni tukio la kiakili: kwa kukoma kwake, binadamu amekabidhiwa akili yake, historia na maumbile, wala hakuna tena mtu anayeweza kudai utii kwa hoja ya kuzungumza na mbingu. Kwa hoja hii kila mlango unaofunguliwa upya, uwe wa unabii au wa utume, unamrudisha binadamu utotoni. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 Iqbal aliipinga Ahmadiyya kwa nguvu.

Abul A'la Maududi naye alikiri katika tafsiri yake kwamba maneno haya mawili hutumika mara nyingi kwa kubadilishana, na kwamba wanazuoni hawakuweza kuiainisha tofauti yake kwa namna isiyo na shaka. Hata hivyo, katika suala la hitimisho hakuruhusu utata wowote. Misimamo hiyo miwili haipingani. Maududi alitambua kwamba fasili ina shaka, lakini itikadi ya hitimisho haikujengwa juu ya fasili peke yake. Imejengwa pia juu ya hadithi na ijmai ya umma.

6.0 Kutoka Istilahi hadi Hukumu

Gharama ya mjadala huu haikubaki vitabuni. Mwaka 1953 ghasia dhidi ya Waahmadiyya zilizuka Punjab, na Maududi mwenyewe akahukumiwa kifo kutokana na maandishi yake juu ya suala hilo, hukumu ambayo ilipunguzwa baadaye. Mwaka 1974 katiba ya Pakistani ilirekebishwa ili kumtoa katika hesabu ya Waislamu kila asiyeamini hitimisho la unabii bila ya sharti, pamoja na kila anayedai unabii kwa maana yoyote ya neno hilo. Maneno ya marekebisho hayo yanaonyesha kwamba waandishi wake waliujua mjadala wa fasili barabara, wakakusudia kuiziba kila tofauti ya maana kwa nguvu ya sheria. Taha alinyongwa Khartoum tarehe 18 Januari 1985 kwa kosa la uasi wa dini. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Sudan iliitangaza hukumu hiyo kuwa batili. Khalifa aliuawa Tucson mwezi Januari 1990.

7.0 Mfasiri wa Kiswahili

Afrika Mashariki iliufahamu mjadala huu hasa kwa njia ya tafsiri ya Kurani. Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, mhubiri wa Ahmadiyya, alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili mjini Nairobi mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy aliipinga waziwazi, na tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969. Amri Abedi, ambaye wanafunzi wa ushairi humjua kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi (1954), alikuwa naye mhubiri wa jumuiya hiyo ya Ahmadiyya. Ugomvi huo kwa kawaida huelezwa kuwa ulihusu neno khatam, iwapo lifasiriwe muhuri au mwisho. Lakini tatizo la nabii na rasul nalo lina uzito, na halikushughulikiwa vya kutosha.

Mfasiri akisema katika aya ya 33:40 kwamba Muhammad ni mwisho wa mitume, ameyaondoa maneno mawili ya asili na kuweka moja. Msomaji wake hataweza kuuona upenyo walioutumia Taha na Khalifa, wala hataifahamu hoja ya Ibn Kathir ya kuuziba. Akimwita malaika mjumbe na binadamu mtume, ameshapitisha uamuzi kwamba rasul ana maana mbili, ya kilugha na ya kiistilahi. Yaani ameufuata msimamo wa wanazuoni walio wengi kabla msomaji hajaujua ubishi. Na anayetaka kumweleza Taha kwa Kiswahili atalazimika kuchagua iwapo mtu wa ujumbe wa pili aitwe mtume au mjumbe. Akimwita mtume, msomaji wa Kiislamu atasikia dai la cheo sawa na cha Muhammad. Akimwita mjumbe, dai la Taha litaonekana dogo kuliko alivyolikusudia. Hakuna chaguo lisiloegemea upande.

8.0 Hitimisho

Tofauti baina ya unabii na utume haikupata fasili moja iliyokubaliwa na wote, na kwa karne nyingi haikuhitajika kuipata. Katika karne ya ishirini watu waliotaka kuendeleza wahyi, kurekebisha sharia au kuweka mipaka ya Sunna walirejea kwenye maneno haya mawili, kila mmoja akayapanga upya kwa kadiri ya lengo lake. Ahmadiyya iliugawa unabii, Taha na Khalifa wakauacha utume wazi, Shahrur akaitia tofauti ndani ya ujumbe mmoja, na Iqbal akauona mlango uliofungwa kuwa ndio uhuru wa binadamu.

Kwa mtafiti wa Kiswahili funzo ni la kimbinu. Nabii, mtume na mjumbe yasitumiwe kwa kubadilishana katika tafsiri au uchambuzi wa matini za kidini. Pale ambapo Kiarabu kina neno moja na Kiswahili kina mawili, mfasiri hana budi kueleza kwa nini amechagua alilochagua. Vinginevyo atakuwa ametoa hukumu katika kesi ambayo msomaji hajui kwamba imefunguliwa.